Sahani za Watu

Mimi sina ugomvi na mtu. Nilichotaka ni chumba kimoja, birika moja, kikombe kimoja, na asitokee wa kuniuliza leo umekula nini. Miaka 35 nimekuwa karani wa masjala Morogoro, kila dakika naulizwa faili liko wapi. Nilipotimiza 60 nikaambiwa kapumzike. Nikasema sawa, ila nitapumzikia mbali, ambako hakuna anayenijua hata jina la baba. Mke tuliachana zamani kwa amani, yuko Iringa na maparachichi yake. Watoto wana watoto. Nikabeba kiinua mgongo changu, nikavuka mpaka pale Horohoro, nikaingia Kenya mpaka Mombasa.

Kwa nini Mombasa? Kosa ni la muhogo. Mwaka 1998 nilikuja harusini, jioni wakanipeleka Lighthouse, nikanunuliwa muhogo wa kukaanga umepasuliwa katikati, ukatiwa pilipili na ndimu. Nikakaa ukutani natazama meli inaingia Kilindini polepole, kama baba anayerudi usiku wa manane. Nikajiambia, uzee wangu utakaa ukuta huu. Miaka yote hiyo nimeuguza muhogo ule mmoja.

Mambo ya pasipoti na vibali nayaruka, hayana kichekesho. Pensheni nayo naisema haraka kwa sababu inauma: shilingi yao moja inameza zetu karibu ishirini. Hela ikitoka Morogoro ni mtu mzima na mkoba wake, ikifika Lungalunga ni mtoto wa chekechea. Ndiyo maana starehe yangu kubwa ikawa feri ya Likoni. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Navuka, nageuka, narudi, nimeshapunga upepo wa bahari bila kugusa mfuko.

Nimepanga Kibokoni, Mji wa Kale, orofa ya pili. Vichochoro vya huku vimebanana hata jirani wa dirisha la mbele akikoroga chai najua katia vijiko vingapi vya sukari. Vitatu. Na juzi nilimsikia kwa simu akimwambia daktari wake kwamba sukari ameiacha kabisa.

Siku ya tatu, begi sijalifungua, hodi. Mtoto wa mama wa chini kashika sahani imefunikwa kwa kawa. Mbaazi za nazi na mahamri manne. "Mama asema karibu." Nikala, nikafuta na mchuzi wa mwisho kwa hamri la mwisho. Nikaiosha sahani ikang'aa, nikamrudishia mtoto ngazini. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akaigeuza kama askari anayekagua leseni. "Tupu?"

Basi nikatia biskuti. Kesho yake biskuti zikajibiwa kwa viazi karai. Viazi nikavijibu kwa ndizi mbivu. Ndizi zikajibiwa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sasa samaki wa kupaka unamjibu kwa nini, wewe ambaye upishi wako umeishia kwenye chai? Nikasonga ugali, nikapeleka. Mama wa chini aliupokea kwa mikono miwili na kunishukuru mpaka nikajiona mpishi. Jioni natoka, nawakuta paka wanne wa mtaa wameuzunguka ugali wangu, wanautazama tu.

Habari ikaenea kwamba babu wa Bongo hajui kupika. Sahani zikaanza kupanda ngazi kutoka nyumba nisizozijua. Kila moja ina alama yake kitakoni kwa rangi ya kucha: nyekundu ya mama wa chini, doti mbili za buluu za bi mkubwa wa pembeni, mstari wa dhahabu wa yule wa vijiko vitatu. Usiku nazipanga mezani: hii imeingia lini, ile imetoka lini, nani hajajibiwa. Masjala ile ile! Sasa nimestaafu nini?

Hayo ningeyavumilia lau si bi mkubwa wa pembeni kunikuta barazani.

"Babangu, na bibi yako umemuwata wapi?"

Nikaguswa. Tangu nihame hakuna aliyemkumbuka bibi yangu. Nikamwambia bibi alifariki 1974. Akashika kifua. Umeishi vipi tangu hapo? Nikasema nililelewa na shangazi. Akanyamaza kidogo. Alikuwa mgonjwa? Wapi, nikasema, ni uzee tu, alikuwa na miaka 92, kinywani hamna jino hata moja, lakini yule mtu alinipenda! Ndiye aliyekuwa akiniogesha. Akinibeba mgongoni mpaka shamba.

"Maskini ya Mungu," bi mkubwa akasema, akanitazama toka kandambili hadi kofia.

Ni kijana wa tuktuk aliyenifungua macho baada ya wiki. "Babu, huku bibi ni mke. Yule wako aitwa nyanya." Kwetu nyanya ni ya kutia mchuzini! Lakini mtaa ulikuwa umeshapiga hesabu: ikiwa mkewe alikufa 1974, huyu hapungui miaka 75, na ngazi apanda bila kushika ukuta. Nikakimbilia barazani kusahihisha. Nikasema jamani, yule hakuwa mke wangu, mke wangu yu hai, yuko Iringa.

"Aaa," wakasema, "kumbe walikuwa wawili."

Alhamisi wakamsomea hitma. Bibi yangu, mtu wa Kinole, ambaye safari yake ndefu duniani ilikuwa kushusha ndizi soko la Morogoro, anaombewa dua Mji wa Kale na watu ishirini na kahawa tungu juu. Nililia. Nililia kweli, nilimkumbuka. Hilo nalo likaharibu, maana wanawake walisema mwanamume anayemlilia mke miaka yote hii si wa kuachwa alale peke yake.

Leo asubuhi mtoto kaja na sahani nyingine. Kaimati, zimepangwa kama shanga, kitambaa cha kudarizi juu. Nikaigeuza chini kutafuta alama: ua dogo la zambarau. Sikuwahi kuliona.

"Hii ya nani?"

"Ya mama mmoja wa Likoni. Mumewe alifariki. Bi mkubwa asema uirudishe mwenyewe."

Sahani iko mezani hapa mbele yangu, nimekwisha kula kaimati zote. Natafuta udhuru wa kutovuka, na hata wa nauli sina.