Kaka, ile haikuwa Nintendo

Juzi kwenye harusi ya ndugu yetu nilikaa meza moja na binamu yangu aliyekulia Uingereza, sijui hata ilianzaje, nadhani kuna katoto kalikuwa kamekazana na gemu kwenye simu huku pilau inapoa, basi tukajikuta tunabishana watu wazima na suti zetu kuhusu gemu za biti nane, zile za TV za zamani. Yeye utotoni alikuwa na Sega Master System II, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, ile ambayo gemu ya Alex Kidd imo ndani ya mashine yenyewe, hata kaseti huhitaji, unawasha tu unacheza. Nikamwambia mimi nilikuwa na Nintendo, mashine ya wapinzani wa Sega, na Nintendo ndiyo baba lao. Akaangua kicheko. "Kaka, ile haikuwa Nintendo."

Aisee iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Ile ya kwetu ilikuwa boksi jepesi la Kichina, kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999999, na tuliiita TV gemu basi, habari za Nintendo nimezijua ukubwani. Ndani yake lakini ilikuwa Famicom, mashine iliyotoka Japani Julai 1983, ambayo Wamarekani waliipata 1985 ikiwa imevalishwa umbo lingine na kupewa jina la NES. Mafundi wa Taiwan na China wakazinakili zile chipu, mwisho kila kitu kikaingia kwenye chipu moja. Ukiifungua unakuta ubao mdogo na tone jeusi la plastiki limemwagwa katikati, basi, hiyo ndiyo kompyuta nzima. Na kumbuka Tanzania bara tulikuwa hatuna televisheni mpaka 1994 (Wazanzibari najua mnacheka, ninyi mlikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 70), kwa hiyo TV zinaanza kuingia majumbani kule kwetu, mashine yenyewe ilishatimiza miaka kumi na zaidi. Ilikuwa kikongwe, ila kwetu ndiyo teknolojia mpya mjini.

Sasa binamu akaanza kushusha namba. Sega ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kilobaiti 8, Nintendo ina 2. Sega inaweza kuweka rangi 32 kwenye skrini kwa wakati mmoja, Nintendo 25. Prosesa ya Sega, yaani ubongo wake, inakimbia megahezi 3.58, ya Nintendo 1.79, yaani mara mbili. Kwenye rangi namkubalia bila ubishi, ukiziweka pembeni gemu za Sega zinang'aa, za Nintendo zina ule udongoudongo. Hiyo ya prosesa lakini ni kumtisha mtu asiyejua, maana hizo ni chipu za aina mbili tofauti, Z80, ile ya Sega, inatumia mizunguko mingi zaidi kumaliza kazi ileile, kwa hiyo huwezi kulinganisha megahezi kwa megahezi kama unalinganisha kilo za sukari. Na kule kupepesa kwa picha maadui wakijaa kwenye mstari mmoja, ambako kila mtu anaisema Nintendo, Sega nayo ina kikomo kilekile cha vitu 8 kwa mstari. Halafu sauti: Sega chaneli nne, Nintendo tano, na moja kati ya hizo tano ndiyo ile ya besi nzito ya chini ambayo ukiisikia tu unajua ni gemu gani.

Na wewe mtu wa Sega nieleze kitu kimoja. Kwa nini kitufe cha kusimamisha gemu wamekiweka kwenye mashine badala ya kwenye pedi? Mama anakuita, unanyanyuka, unatembea mpaka kwenye TV, ushakufa. Halafu huyo Alex Kidd wenu unapambana njia nzima kwa ngumi, unafika kwa bosi, mnacheza jiwe, karatasi, mkasi. Jamani.

Ila si hapo ninapotaka kufika. Nilipotulia nikaona hata mimi nilikuwa naitetea kwa sifa za watu wengine. Makala zote unazosoma za kuisifia NES zinataja Zelda, zinataja Final Fantasy, gemu ndefu zenye betri ndani ya kaseti ya kuhifadhi ulipofikia. Nani mtaani kwetu alicheza Zelda? Kaseti ya gemu 9999999 ukiihesabu kweli ilikuwa na gemu pengine ishirini, thelathini, zilizobaki ni zilezile zimepewa jina jipya au zinaanzia steji ya mbele, na karibu zote zilikuwa gemu ndogo za miaka ya mwanzo, kwa sababu ndogo ndizo zinajazana kwenye chipu moja. Mario nzima ni kilobaiti 40, zile picha za harusi tunazotumiana WhatsApp moja tu inaizidi. Walibana mpaka wingu na kichaka vikawa mchoro uleule uliobadilishwa rangi, nenda kaangalie.

Lakini tulichopata sisi, Mmarekani hakukipata. Ile gemu ya vifaru vya vita, Battle City ya Namco ya 1985, kule Marekani haikuuzwa kwa ajili ya NES enzi zile. Road Fighter, ile ya gari na mafuta yanaisha, vilevile hawakuuziwa. Sasa niambie utoto bila vifaru ni utoto gani? Wawili mnalinda yule ndege kule chini, yule tai ambaye ndiye ngome yenu, ndugu yako anakupiga risasi kwa makusudi unaganda, adui anapita, matofali yanaisha, halafu mwenyewe kwa pupa unampiga ndege wenu. Tulishapigana kwa ajili ya huyo ndege, nyumbani kweli, tukafungiwa adapta wiki nzima. Na kulikuwa na sehemu ya kujenga uwanja wako, tulikuwa tunamzungushia ndege chuma pande zote tunajiona mainjinia.

Pedi zetu zilikuwa na vitufe vya ziada vinavyofyatua mfululizo bila kuminyaminya, ile orijino ya kwanza haikuwa navyo. Ila zilikufa haraka, baada ya mwezi kitufe cha kulia hakishiki mpaka ukikandamize na kucha. Na adapta ilikuwa inachemka ungeweza kupigia pasi, ya kwetu ya kwanza iliishia kutoa moshi katikati ya Kontra. Siwezi kuitetea kwenye hilo.

Kuna jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Hizi mashine za kwetu zilitengenezwa kwa TV za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati gemu ziliandikwa kwa picha 60. Maana yake Mario wetu alikuwa anakimbia taratibu kwa sehemu moja ya sita na muziki nao unajikokota. Siku ya kwanza kuisikia ya kasi halisi YouTube nilidhani mtu kaivuta mbele, nikatafuta sehemu ya kupunguza spidi. Mpaka leo ile ya kweli naiona ina haraka ya bure. Nikamwambia binamu, akanyamaza kidogo, kisha akasema Ulaya nao ni PAL, gemu kibao za Sega yake zilikuwa zinatambaa hivyohivyo. Hapo ndipo tulipokubaliana kwa mara ya kwanza usiku ule.

Baada ya harusi nikaenda Kariakoo nikanunua moja mpya, inachomeka HDMI, ina na bunduki. Ile ya kupiga bata. Haipigi kitu. Ukivuta, skrini inatakiwa iwe nyeusi kufumba na kufumbua, bata awe boksi jeupe, bunduki iuone ule mwanga saa ileile, na TV bapa huwa inachelewa kuleta picha. Inataka TV ya chogo. Nimeuliza kwa mafundi watatu mtaani, wawili wamenicheka, wa tatu anayo moja nyuma ya kibanda, anakalia.