Bajeti ya safari ipangwe na mwenye mfuko mwembamba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya Novemba, stesheni ya Bayreuth bado ina giza. Tuko wanafunzi watano. Dada yetu wa Mombasa kabeba kopo kubwa la aiskrimu lililojaa chapati, kalizungushia taulo zisipoe. Kaka wa Bukavu ana chupa za maji ya bomba, maana maji ya bomba hapa Ujerumani yananyweka bila wasiwasi na ya dukani ni hela ya bure. Mimi nimeegemeza tiketi ukutani naandika majina matano kwa herufi kubwa, kwa sababu Bayern-Ticket lazima iwe na jina la kila anayesafiri nayo.

Kwa asiyeijua, hiyo ni tiketi ya siku moja ya treni za kawaida katika jimbo la Bavaria. Zile za mwendokasi hupandi. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, lakini Jumamosi na Jumapili unaweza kuondoka alfajiri. Inabeba mtu mmoja hadi watano, na uzuri wake uko kwenye hesabu: safari zetu za mwanzo, mtu wa kwanza alihesabiwa karibu euro 30, kila aliyeongezeka kama euro 10. Mkiwa watano mnagawana, inafika euro 14 hivi kwa kichwa, kwenda na kurudi, siku nzima. Anayesafiri peke yake ndiye anayeumia.

Watu huniuliza tunapata wapi hela za kuzurura kila baada ya wiki mbili tatu. Nauli si siri, nimeshaitaja. Kwangu mimi swali zito ni jingine: wenzako wakiondoka, nani anabaki chumbani, na anabaki kwa nini?

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na kijana mmoja kutoka Bujumbura. Mcheshi, Kiswahili chake kitamu, jikoni ndiye aliyetuchangamsha. Lakini ikifika Ijumaa, ana udhuru. Mara ya kwanza alikuwa na mtihani. Mara ya pili mafua. Mara ya tatu akasema hajisikii tu. Tukaanza kumsema pembeni kwamba anajitenga, hapendi watu. Jumamosi moja nilifika stesheni nikakuta nimesahau pasipoti, na siku hiyo tulikuwa tunavuka mpaka. Nikawaambia wenzangu watangulie, nikarudi bwenini. Jikoni nikamkuta amesimama mbele ya jiko, anachemsha wali mtupu, amevaa koti kabisa kama mtu aliyetaka kutoka akaghairi. Mafua hana. Nilipomwuliza hakuzunguka. "Ndugu yangu, mwezi huu nimetuma nyumbani mia mbili. Nikitoa arobaini ya matembezi yenu, mpaka tarehe moja sili."

Siku ile sikwenda tena kokote. Tulikula wali ule na maharage yangu ya kopo, tukaongea hadi jioni. Nilikuwa na aibu, na bado ninayo nikikumbuka.

Wasiokaa huku wanadhani mwanafunzi aliyefika Ulaya mfuko wake unafanana na wa mwenzake. Wapi! Anayekuja Ujerumani bila ufadhili kwa kawaida anatakiwa kuweka fedha kwenye akaunti iliyofungiwa kabla hajapewa viza. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na ukishafika unafunguliwa 992 kila mwezi. Humo utoe kodi ya chumba, bima ya afya, chakula, ada ya muhula. Kuna ambao fedha ile ilitoka kwenye kiwanja cha mjomba, na mjomba anasubiri. Pembeni yake, darasa lile lile, ameketi mwenye ufadhili kamili anayelala bila kuhesabu. Kazi ya muda tunaruhusiwa, siku 140 kamili kwa mwaka au nusu-siku 280, lakini kazi yenyewe uipate, na Bayreuth ni mji mdogo. Watu watano wanaocheka pamoja kwenye basi la chuo wanaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi kwenye mambo ya hela, na hakuna anayejua.

Nimejiuliza sana kwa nini hatukumwuliza. Nadhani tulihama na tabia ya nyumbani. Sisi tumekulia kwenye michango. Harusi ina kadi, kadi ina kiwango, "single" bei hii na "double" bei ile, ukishindwa unajikalia kimya. Daftari linasomwa mbele ya kikao: fulani kaahidi, fulani kalipa, fulani bado. Michango ile imeozesha watu na kuzika watu, siidharau. Ila ina ugonjwa wake: kiwango hupangwa na wenye uwezo, na asiyefika kiwango hujitungia mafua. Ndicho tulichomfanyia ndugu yetu. Tulikaa wanne, tukachagua mji, tukachagua hosteli, tukampelekea bei.

Kwa hiyo tukabadilisha. Siku hizi kabla hatujataja mji wowote, kila mtu anaandika kwenye kipande cha karatasi kiasi cha juu kabisa anachoweza kutumia safari hiyo, nauli ndani, chakula ndani. Haandiki jina. Karatasi zinakunjwa, zinatiwa kwenye sufuria, mmoja anazifungua na kutangaza namba moja tu: ile ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo bajeti ya wote. Mji tunautafuta baada ya hapo.

Na kuna sharti ambalo dada wa Mombasa alilipigania kufa na kupona: hairuhusiwi kusema "basi mimi nitamjazia aliyepungukiwa." Mwanzoni niliona anakaza sana. Utu uko wapi hapo? Akanijibu kwamba ukimlipia mtu safari, njia nzima anakuwa mgeni wako. Hawezi kusema amechoka, hawezi kusema mgahawa huu ghali, hata wimbo kwenye simu anaogopa kuchagua. Nilimwelewa. Msaada una siku zake na una mlango wake. Mtu akikwama kodi tunachanga kimya kimya. Safari ya kujifurahisha ni jambo lingine, kila mmoja aende kwa miguu yake mwenyewe.

Namba ya kwanza kutoka kwenye sufuria ilikuwa 22. Ukitoa 14 za tiketi, zinabaki euro nane. Tukaenda Bamberg.

Ningependa mtu yeyote anayedhani euro nane ni kichekesho aione siku ile. Mji mkongwe wa Bamberg umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993, na kuutembea hulipi kitu. Jumba la zamani la halmashauri limesimama katikati ya mto Regnitz, maji yanapita pande zote mbili, kuta zake zimechorwa picha toka chini hadi juu. Tulisimama darajani tukizitazama, ndipo kijana wa Bujumbura, ambaye siku hiyo alikuja, akapiga kelele: "Mguu! Tazameni mguu!" Kweli. Kwenye ule ukuta kuna malaika mtoto aliyechorwa kwa rangi, lakini mguu wake umechongwa, umetokeza nje ya picha ukaning'inia hewani. Ukipita haraka huuoni. Tulikaa pale karibu saa nzima tukitafuta kama kuna mwingine. Baadaye tukapanda hadi kanisa kuu, tukakaa kwenye bustani ya waridi ya jumba la maaskofu waliotawala mji zamani, waridi zenyewe zimeshapukutika, tukala chapati tukiangalia mapaa mekundu ya mji mzima. Nilitumia kahawa moja na mkate wa soseji. Nilirudi na chenji.

Hivyo ndivyo uhaba unavyokufanya, unatulia mahali pamoja. Mwenye hela nyingi ana vitu saba vya kuona kabla ya saa kumi jioni. Sisi tulikuwa na daraja moja.

Safari nyingine namba ilitoka 38, tukaenda hadi Salzburg. Mji ni wa Austria, lakini Bayern-Ticket inakufikisha mpaka stesheni yao kuu. Tulishuka Nuremberg tukabadilisha, tukabadilisha tena Munich. Kipande cha Bayreuth hadi Nuremberg nakipenda kuliko vyote: treni inafuata bonde la mto Pegnitz, daraja na handaki, handaki na daraja, na kwenye kona behewa zima linalala upande kama pikipiki. Wengine huwatia kichefuchefu, mimi huniamsha. Salzburg ngome iko juu ya kilima na kuna kigari cha kukupandisha kwa tiketi. Tuliiacha, tukavuka mto tukapanda kwa miguu mlima wa upande wa pili, Kapuzinerberg, bure, na kwa maoni yangu ndiko unakoiona ngome vizuri, maana ukiwa ndani yake huioni. Kaka wa Bukavu alitazama ule mto Salzach wa kijani, akanyamaza kidogo, akasema unamkumbusha Ruzizi unavyotoka ziwani kwao. Hajafika nyumbani mwaka wa tatu huu. Hakuna aliyemjibu neno, tulikaa naye tu.

Kwenye mpaka, kila mtu awe na pasipoti na kadi yake ya ukaazi, zote mbili, mfukoni na si kwenye begi. Wakati wa kurudi Ujerumani askari hupanda treni na kukagua. Na tusidanganyane, sisi tutaulizwa. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, hadi siku 90 katika kila siku 180, kwa hiyo huna la kuogopa, toa karatasi zako, msalimie mtu, endelea na chapati.

Jambo jingine dogo lililotugharimu: Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa. Si kwamba yanachelewa kufungua, yamefungwa kabisa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa na vituo vya mafuta, na huko bei inauma. Nunua Jumamosi. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani, watu watano siku mbili ni kahawa hiyo. Na wenye Deutschlandticket, ile ya mwezi ya treni na mabasi ya kawaida nchi nzima, mjue imepanda. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikafika 63. Kama mwezi unaokuja husafiri, isitishe kabla ya tarehe 10, vinginevyo wanakata tena.

Tangu tuanze mambo ya sufuria, mara moja tu tumelala nje ya Bayreuth, na ilitupasa kudunduliza miezi miwili. Ilikuwa Nuremberg, kwenye hosteli ya vijana iliyomo ndani ya lililokuwa zizi la farasi la ngome ya wafalme. Nilisoma huko kwamba wazo lenyewe la hosteli hizi lilimjia mwalimu wa shule, Richard Schirrmann, mwaka 1909, alipokuwa kwenye matembezi na wanafunzi wake mvua kubwa ikawakamata, wakajihifadhi usiku kucha kwenye jengo la shule. Akawaza: shule zinakaa tupu likizo nzima, kwa nini watoto wasio na hela wasilale humo? Nililala kitanda cha juu usiku ule nikimfikiria mwalimu yule. Aliwaza watoto wasio na hela kwanza, kitanda baadaye.

Mama hapendi safari hizi. Ameona picha ya Salzburg, akapiga simu: "Mwanangu, umeenda kusoma au kuzurura?" Nilimweleza hesabu yote, euro kwa euro. Akanyamaza, kisha akauliza kama chapati ziliiva vizuri. Nikajifunza kitu kuhusu picha pia. Ukituma mlima na ngome bila maneno, nyumbani wanaona utajiri, na siku ya pili simu ya ada ya binamu inaingia. Siku hizi nikituma picha naandika na gharama chini yake. Shangazi mmoja alinijibu kwamba hiyo ni chini ya nauli ya kwenda na kurudi Arusha, mbona sisi hatutembei?

Swali lake lilinikaa. Mimi ni mtu wa Tanga, na kabla ya kuja huku niliamini kutembea kwa kutazama tu ni mambo ya wazungu. Likizo iliyopita nilipofika Dar niliwakusanya binamu zangu sita, nikatoa karatasi na sufuria. Walicheka, lakini waliandika. Namba ndogo ilikuwa shilingi 35,000. Treni ya SGR hadi Morogoro ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000, zikabaki 9,000 za daladala na chakula. Chini ya saa mbili tumeshafika, Uluguru ile pale imejifunika mawingu. Binamu yangu mdogo, fundi cherehani, hajawahi kupanda treni maisha yake yote. Alikaa dirishani njia nzima, kiganja kwenye kioo. Sijui nani aliandika 35,000 na sikutaka kujua.

Ijumaa hii tunakaa tena jikoni. Kuna dada mgeni amefika wiki mbili zilizopita kutoka Kigoma, bado anaweka kila kitu kwenye shilingi kichwani kabla hajanunua hata nyanya. Jana aliniuliza kwa sauti ya chini safari zetu ni kiasi gani. Nikamwambia hatujui bado, tunasubiri karatasi yake.