Waja leo waondoka leo, na ujuzi wanaondoka nao

Shemeji yangu kaniudhi juzi, au tuseme kampuni yake ndo imeniudhi (siyo mambo ya lile bomba la mafuta la Chongoleani, msinitafutie kesi). Miaka yote kakaa chini ya fundi mkuu wa kigeni, kwenye makaratasi kaandikwa kabisa kuwa yeye ndiye mrithi. Mkataba wa mzee ukaisha, wakamfanyia pati Raskazone hapa Tanga, wiki iliyofuata kashuka mwingine kutoka hukohuko, na kazi ya kumzungusha kiwandani amwelekeze mambo yalivyo kapewa nani? Shemeji. Kwa mshahara uleule jamani.

Halafu siyo kwamba sheria hakuna. Ile Sheria Na. 1 ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Watanzania, na kibali ni miezi 24, kinaongezwa, ila jumla ina ukomo. Yaani siku mgeni anashuka uwanja wa ndege inajulikana ataondoka lini. Lakini mpango wenyewe ndo ule wa kunakili na kubandika, jina la mgeni juu, la mwenyeji chini, saini, muhuri, kabatini.

Mimi simlaumu mgeni hata kidogo, nawalaumu wanaomsimamia. Mwisho wa mwaka bosi wake huko makao makuu anamuuliza uzalishaji umepandaje, ajali ngapi, gharama kiasi gani, hakuna anayemuuliza ukilala na malaria kesho nani atawasha hiyo mitambo. Sasa mtu ana nyumba ufukweni, dereva, ada za watoto, tiketi za likizo, halafu unategemea amfundishe mtu wa kumtoa hapo, kwa faida ipi? Hata mimi nisingefundisha. Lakini mwambie nusu ya bonasi yako hupati mpaka mrithi wako aendeshe zamu mwezi mzima bila kukupigia simu, uone kama pasiwedi za mfumo, vitabu vya mashine na namba za wauza spea havijatoka kwenye ile droo yenye kufuli. Tena yule mpya na yule anayeondoka wakutane kazini, siyo kupishana angani.

Na Tanga hatujaanza leo, mkonge umeingia nchi hii 1893 na mameneja wa kigeni wakapokezana mashambani, mwenyeji yeye akikata tu.

Mambo ya kodi hizi kampuni hazikosei, zile siku 183 za kukaa nchini zinazomfanya mgeni awe mkazi wa kulipa kodi wanazihesabu kama mkopo. Familia ndo wanaisahau, mke kaletwa kwa hati ya mtegemezi, kazi haruhusiwi, anachoka na bahari, anataka kwao, na mume anafuata.

Haya, nakubali, wapo wageni wanaofundisha kwa roho safi kabisa, na wapo wenzetu wakishaiva tu wanakimbilia Dar kwa nyongeza ya vocha. Nimesema, msinirushie mawe.

Ila hiyo siyo sababu ya shemeji kuwa mwalimu wa mabosi wake. Mpelekeni na yeye huko makao makuu hata miezi sita akae na hao wanaotuletea wataalamu, ajue maamuzi yanapikwaje, wamjue sura. Na msiniambie bajeti hakuna, tiketi yake haifikii hata kodi ya ile nyumba ya ufukweni.