Ted Williams alinyimwa MVP, ila sio kila mara alionewa

Watu wa besiboli wakianza kubishana kuhusu misimu mikali iliyonyimwa tuzo, haipiti muda utasikia Ted Williams wa Boston Red Sox na mwaka 1941. Alimaliza na wastani wa kupiga wa .406, yaani kwenye kila mara kumi za kupiga alipata hiti (pigo linalomfikisha mpigaji besi salama) kama nne, na tangu hapo hakuna aliyefika .400 kwa msimu mzima kwenye ligi kuu mbili za Marekani, American League na National League. MVP, tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote kwenye ligi, akapewa Joe DiMaggio wa Yankees.

Mi huo mwaka wala siulilii. DiMaggio alipata hiti kwenye mechi 56 mfululizo, rekodi ambayo mpaka leo ipo palepale, na Yankees wakabeba ubingwa. Wanaopiga kura ni waandishi wa habari za besiboli, sasa mwandishi gani angeiacha stori kama ile?

1942 ndo kesi yenyewe. Williams aliongoza ligi kwa wastani (.356), homurani, mapigo ya kuzunguka besi zote (36), na alama ambazo timu ilipata kwa mapigo yake (137), vyote vitatu kwa mpigo, halafu tuzo ikaenda kwa Joe Gordon, wa Yankees tena, mwenye .322 na homurani 18, na huyo Gordon ndo aliyeongoza ligi kwa kutolewa kwa straiki, yaani kukosa au kuacha mipira mitatu mizuri, mara 95! Wanaomtetea wana hoja, nakubali: alicheza besi ya pili ambako kazi ya ulinzi ni nzito, Williams kule pembeni kushoto hakuwa na sifa ya kudaka, na Yankees walishinda mechi 103 wakati Boston 93. Lakini jamani, homurani mara mbili yake? Mi naona kuna kitu kingine hapo, maana Williams na waandishi wa Boston zilikuwa haziivi kabisa, na mwaka huo alisemwa sana kwa kuahirishiwa kwenda jeshini wakati nchi iko vitani. 1947 akaongoza tena vyote vitatu, akamkosa DiMaggio kwa pointi moja tu, 202 kwa 201, na kuna mpiga kura ambaye hakumuweka hata kumi bora, wakati nafasi ya tisa tu kwenye ile karatasi ingempa tuzo.

Hoja kubwa ya upande wa pili huwa ni timu, kwamba thamani ya mchezaji ni kushindisha, sio kujaza takwimu. Sio hoja ya kijinga. Kwenye soka tumeona kinyume chake, Sneijder 2010 kabeba makombe matatu na Inter, kafika fainali ya Kombe la Dunia, na Ballon d'Or kaikosa, watu wakanuna. Shida yangu ni kwamba hao wapiga kura wenyewe hawaishiki hoja yao mpaka mwisho.

Angalia 1999. Pedro Martínez, mrushaji wa Boston, yaani anayewarushia wapigaji mpira, kashinda mechi 23 kapoteza 4, kawatoa wapigaji 313 kwa straiki, wastani wake wa alama alizoruhusu kwa mechi (ukiwa mdogo ndo bora) ni 2.07 na aliyemfuata kwenye ligi yake ana 3.44, yaani hawakuwa daraja moja kabisa. Alipata kura nyingi za nafasi ya kwanza kuliko Iván Rodríguez, mdakaji wa Texas, na bado akashindwa, kwa sababu wapiga kura wawili hawakumuandika popote. Kwamba mrushaji anaanza mechi 29 na mdakaji anacheza 144, hiyo naielewa, ila mmoja wa hao wawili mwaka uliotangulia alikuwa ameshawapigia kura warushaji!

2012 ndo ilinichekesha. Miguel Cabrera wa Detroit aliongoza vyote vitatu, Mike Trout akawa na homurani 30, besi 49 za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri pigo) na ulinzi ambao Cabrera hausogelei, Cabrera akabeba kirahisi na watu wakasema si ndo kaipeleka Detroit playofu, mechi za mtoano za kutafuta bingwa. Detroit walishinda mechi 88. Angels ya Trout walishinda 89, wakakosa kwa sababu divisheni yao, kundi lao ndani ya ligi, ilikuwa ngumu zaidi, sasa hapo Trout afanyeje?

Siku hizi upepo umegeuka, takwimu za kina zinasikilizwa. 2016 Trout alipewa MVP na Angels wamepoteza mechi 88, wa pili akawa Mookie Betts ambaye Boston yake iliongoza divisheni. Mi ningempa Trout vilevile, ila shabiki wa Boston akilalamika namuelewa.