Fundi juu ya paa: anatafuta tundu au analitoboa?

Kuna mwenye godauni Chang'ombe ambaye hataki kabisa fundi apande kwenye bati lake kama halijavuja. "Anapanda kukagua," anasema, "akishuka ameniachia matundu mapya, wiki ijayo anarudi kuyaziba kwa pesa yangu." Wenzake humcheka. Mimi simcheki, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Bati jembamba likikanyagwa mbali na mbao za kenchi hubonyea, na lilipobonyea maji husimama. Fundi wa AC akitoboa na kuacha chenga za chuma hapo juu, zinashika kutu na kuliambukiza bati.

Lakini anachokisubiri, yaani tone, huwa linachelewa mno. Tena linadanganya. Maji yanayodondokea meza ya karani huenda yaliingia mita kadhaa kutoka hapo, yakatambaa kwenye mbao, yakapata pa kushukia. Kwenye slabu ya zege ni mbaya zaidi: doa likionekana darini, huenda nondo zimekwisha kuanza kutu, na nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege.

Halafu kuna hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Godauni la mita 40 kwa 25 lina mita za mraba 1,000. Ikinyesha milimita 50, mvua ambayo si ya ajabu Dar es Salaam wakati wa masika, paa hilo limepokea lita 50,000, maboza matano ya lita 10,000. Maboza matano, yote yapite kwenye gata na mabomba machache! Sasa waweke kunguru wetu wa mjini, wanaojengea viota hata vipande vya waya, wazibe bomba moja. Gata la pembeni likifurika, humwaga uani. Lile la kati ya mapaa mawili humwaga ndani, juu ya mifuko ya simenti. Na kabla halijamwaga, gata la mita 40 lenye upana wa nusu mita, likijaa sentimita 20 tu, limebeba tani 4. Sijui mwenye kenchi anayeweza kulisikia hilo akalala.

Wapinzani wa kukagua paa kwa ratiba wana hoja nyingine: kalenda imevurugika, ratiba ya nini? Zamani ulisafisha gata Februari kabla ya masika, ukarudia Septemba kabla ya vuli. Mafuriko ya 2011 yalikuja Desemba, na kimbunga Hidaya kilifika Mei 2024, baada ya wiki nyingi za mvua. Sawa. Ila hata kiangazi hakiliachi paa salama: bati la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 5, likipoa hurudi, na mchezo huo wa kila siku hulegeza skrubu huku jua likikausha mpira wa washa zake. Hali ya hewa isiyotabirika inadai macho mengi zaidi, si machache.

Tena macho hayakanyagi bati. Ingia ndani saa sita mchana, zima taa, tazama juu: kila tundu litawaka kama nyota. Gata hukaguliwa kwa ngazi kutoka ukingoni. Karibu na bahari, chungulia chini ya ukingo wa bati, mahali mvua haifiki kuosha chumvi; mara nyingi kutu huanzia hapo. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu azunguke ndani na daftari. Kupanda kubaki kwa sababu maalumu, kwa mtu anayejua pa kukanyaga, na ufunguo wa ngazi usiwe wa kila fundi wa dishi.

Hapo yule bwana wa Chang'ombe huanza kulegea, kisha anauliza nani alipe. Mpangaji ndiye anayeliona tone, yeye mwenye jengo yuko Mbezi, na mkataba unasema "matengenezo makubwa" bila kusema kutoa kiota cha kunguru ni makubwa au madogo.