Bosi Wangu Ana Miaka 21

Nina bosi. Hanilipi, hanipi likizo, na ana miaka 21. Bosi mwenyewe ni mimi, mimi yule wa miaka minane iliyopita, aliyekuwa na magoti mazima na mdomo mrefu. Usiku mmoja alikaa kitandani, akafungua daftari, akaandika mambo 20 ya kufanya kabla ya kutimiza miaka 30. Akapiga mstari chini kwa rula, akalala usingizi wa pono. Kazi yake ikaishia hapo. Utekelezaji akaniachia mimi.

Sasa nina miaka 29, imebaki miezi saba, na tiki ziko sita. Kati ya hizo sita, mbili nikihojiwa vizuri nitazifuta.

Namba moja: kukimbia marathoni. Imeandikwa hivyohivyo, bila aibu, na mtu ambaye basi likianza kuondoka alikuwa analiaga kwa mkono kuliko alikimbilie. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Nilipoanza mazoezi hizo 42 sikugombana nazo, maana zilikuwa mbali mno hata kuogopeka. Nilichouliza ni hizo mita 195, zinatafuta nini pale? Kumbe kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 1908 mbio zilianzia Windsor Castle, zikaisha uwanjani mbele ya jukwaa la kifalme. Umbali ukawa ni huo. Mwaka 1921 wakubwa wa riadha wakaufanya ndio umbali rasmi, na mpaka leo watu wanatoa ndimi nje duniani kote kwa sababu jukwaa la watu liliwekwa pale na si hapa. Mwaka huohuo wa 1908 Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza, akiwa hajijui hajitambui, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mpaka waamuzi wakamsaidia kuvuka mstari. Kisha wakamfuta kwenye matokeo kwa kusaidiwa. Mimi naye tumepishana kidogo sana. Yeye alianguka akiwa amebakiza mita chache, mimi nilianguka nikiwa nimebakiza kilomita 41.

Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vipya, saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, na ile fulana ya kung'aa ambayo kazi yake ni kuwajulisha madereva kwamba kuna mtu mpumbavu barabarani. Nilipofika kama kilomita moja, saa ikaanza kulia. Nikadhani ni pongezi. Kusoma, imeandika: "Umesimama?" Jamani, nilikuwa nakimbia. Kwa nguvu zangu zote nilikuwa nakimbia, na mama mmoja mtu mzima mwenye bakora akanipita akinipa pole.

Ukiniuliza kwa nini nisiichane tu hiyo orodha yakaisha, nitakujibu: nimejaribu. Hailali. Kuna mwanasaikolojia aliyeitwa Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 alichapisha utafiti wake kwamba kazi iliyokatizwa katikati hukumbukwa zaidi kuliko iliyokwisha. Ukimaliza jambo, kichwa kinalifungia stoo. Usipolimaliza, linakaa mlangoni na viatu limevaa. Nimemwelewa huyu mama kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi. Mambo yangu 14 yanapanga foleni kila saa nane usiku, moja moja, yananigusa bega: "Samahani kaka, mimi ni gitaa, tulikubaliana nini vile?"

Tuseme basi hilo gitaa. Lina nyuzi 6 na mimi nina vidole 10, nikaona hesabu inanipendelea. Wiki mbili za kwanza ncha za vidole vya mkono wa kushoto ziliwaka moto, wakanipa moyo kwamba zitaota sugu. Zikaota kweli. Halafu nikakutana na kodi ya F, si kodi ya serikali, ni ile ya muziki, sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Hapo kidole cha shahada kinatakiwa kilale juu ya nyuzi zote 6 kwa pamoja, kizikandamize sawasawa, huku vidole vingine vitatu vikifanya shughuli zao pembeni kama havimjui. Nikiipiga mimi inatoa sauti ya droo ya kabati inayogoma kufunguka. Nimejifunza kutafuta nyimbo zisizo na F. Zipo mbili. Nyumbani wamezichoka zote mbili.

Kuogelea ndiko kulikonivunja heshima hasa. Nilijiandikisha darasa la wanaoanza, nikafika na taulo begani na kifua mbele, nikakuta wanafunzi wenzangu wana miaka sita, saba, na mmoja meno ya mbele hana. Walimu wakatupanga kwa urefu. Wa mwisho kwenye mstari nilikuwa mimi, na kati yangu na anayenifuata palikuwa na nafasi ya kuegesha gari. Tukapewa maboya ya kushikilia. Langu lilichorwa bata.

Somo la kwanza lilikuwa kuelea. Mwalimu akasema mwili wa binadamu ukiwa na hewa mapafuni unaelea wenyewe, kazi yako ni kulegea tu, usibishane na maji. Watoto wakalala chali kama majani yaliyodondoka bwawani. Mimi nikavuta hewa, nikalala, miguu ikaanza kushuka taratibu kama jahazi linalozama kwa adabu, na nikajikuta nimesimama wima nikitazama ukuta. Mara ya pili maji yakanipanda puani mpaka nikayaonja kwenye macho. Yule asiye na meno akaja akinipigapiga mgongo: "Anko, usiogope, mimi pia nilikuwa naogopa nikiwa mdogo."

Alikuwa mdogo lini?

Lakini sifa kwa mwenye sifa, wiki ya tano nilielea. Sekunde kama nane hivi, masikio ndani ya maji, dari inanitazama, kelele zote za watoto zimekwenda mbali. Nikasahau orodha, nikasahau umri, nikasahau kwamba nimekumbatia bata. Kisha nikakumbuka kuweka tiki, nikainua kichwa kutafuta simu nipige picha ya ushahidi, nikazama.

Kuna bwana mmoja Mmarekani, John Goddard, mwaka 1940 akiwa na miaka 15 aliandika orodha yake ya mambo 127. Mia na ishirini na saba! Na hakuwa wa kuandika akalala, kwani alikuja kushuka Mto Nile kwa kayaki, na yaliyobaki aliyatafuna miaka na miaka mpaka yaliyotimia yakapita mia. Kutembelea mwezi, lililokuwemo humo, halikutimia, na mimi hapo ndipo ninapompendea. Maana hata simba wa orodha alikuwa na lake lililomshinda. Tofauti yetu ni kwamba yeye alishindwa na mwezi, mimi nimeshindwa na mchemraba wa plastiki.

Huo mchemraba wa Rubik, kile kichezeo unachozungusha mpaka kila upande uwe na rangi moja, uliniingia orodhani kwa sababu bosi aliona ni jambo jepesi, la kujaziajazia tu. Aliyeubuni, Ernő Rubik wa Hungaria, alikuwa mwalimu, mwaka 1974, na baada ya kuuvuruga hata yeye ilibidi ahangaike kuurudisha. Mipangilio inayowezekana inazidi bilioni 43 mara bilioni moja. Hilo sikuliona kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba mwaka 2010 watu walitumia kompyuta wakathibitisha kuwa hata uvurugwe vipi, hauhitaji kuzungushwa zaidi ya mara 20 ili ukae sawa. Hii habari ni ya kikatili. Yaani kila unaponikuta nao mkononi, jua kwamba niko hatua 20 tu kutoka kwenye ushindi, na nimekuwa hatua 20 tu kutoka kwenye ushindi kwa miaka mitatu.

Mpwa wangu wa miaka tisa aliuokota kwenye kochi, akauzungushazungusha huku anatafuna kifuniko cha kalamu na macho yake yako kwenye televisheni. Akauweka mezani rangi zimekaa kama zilivyotoka dukani. Nikamuuliza umefikiria nini? Akanitazama kwa huruma. "Mjomba, huwa hufikirii. Unafuata hatua." Kisha akauvuruga tena, akanirudishia, "ili uwe na kazi."

Ya mbio ndogondogo nayataja tu. Kuruka na parachuti: unaporomoka kwa kasi ya kama kilomita 200 kwa saa umefungwa kifuani kwa mtu usiyemjua. Mimi kubadilisha balbu huwa nashikiwa ngazi. Limesogezwa. Kujifunza lugha mpya: naweza kuomba chumvi na kusema paka wangu ni mwanasheria. Nimeweka tiki, anayetaka kunipinga aje na paka wake. Kuona macheo juu ya mlima: niliamka saa tisa, nikapanda kilima gizani, nikakaa kwenye jiwe la baridi, na mawingu yakaja yakakaa mbele yangu kama mtu mrefu kwenye sinema. Mwanga wa jua unasafiri dakika nane na ushee kutufikia. Umetoka huko kilomita milioni 150, umekuja mbio, umebakiza hatua moja unifikie, umezuiwa na wingu. Tiki nimeweka, kwa sababu jua lilichomoza. Kutokuliona si kosa langu.

Na sasa kuna namba 14. Hii ndiyo imenifanya niandike haya yote. Chupa ya maji ilivuja ndani ya begi, ikalowesha daftari, na kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, nikashangilia. Nilipolianika, wino ulikuwa umehama kwenye mstari mmoja tu. Yamebaki "Ku", kisha doa la bluu, kisha "a". Ku, kitu, a. Hiyo ni kamusi karibu nusu nzima! Angalau Kiarabu kimetusaidia, maana vitenzi vilivyotoka huko mara nyingi haviishii na "a", kwa hiyo kusafiri na kufaulu zimetoka kwenye kinyang'anyiro. Zilizobaki ndizo hizo.

Nikalipeleka sebuleni. Mama akavaa miwani, hakuchukua hata sekunde.

"Kuoa."

"Mama, doa ni refu kuliko hilo."

"Uliandika kwa herufi kubwa, mwanangu. Kwa furaha."

Dada akalisogeza kwenye taa, akasema anaona wazi kabisa kwamba ni kuhama. Kwamba ni kuhama kwao, niwaachie chumba. Mpwa akasema kushindwa, kwa hiyo tayari. Mimi nililiinamia lile doa mpaka pua ikagusa karatasi, na nikijaribu kumkumbuka yule kijana kitandani na rula yake, hanijibu.

Basi nikaamua kutumia akili. Siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimelala mchana. Nilikuwa nimeoga, na kwenye kodi ya F nusura nilie. Mojawapo lazima ndiyo. Nikachukua kalamu niweke tiki ya saba.

Mama akaniwahi mkono. Akafungua droo, akanipa penseli.