Mkataba Uliisha Desemba, P9 Ikaja Juni

Mkataba wangu uliisha tarehe 31 Desemba. Nilirudisha laptopu na kadi ya lango, nikazungusha fomu ya kuondokea ofisi kwa ofisi hadi ikapata sahihi sita. Bwana wa stoo alikagua hata waya wa chaja. Kisha nikaambiwa, "Mambo yako yako kwa mhasibu, utapigiwa."

Sikupigiwa. Januari nikapiga mimi, bosi yuko likizo. Februari, "kesho kutwa." Kufikia Machi nilikuwa naona haya kupiga, kana kwamba naomba mkopo. Hapo ndipo waajiri wanapotuwezea: tunaugeuza mshahara wa mwisho kuwa hisani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haikuandikwa hivyo. Siku za likizo ni zisizopungua 21 kwa mwaka, na cheti cha utumishi unastahili hata mkiachana kwa ugomvi, mradi umefanya kazi wiki nne mfululizo. Kudai kortini una miaka mitatu.

Lakini mimi P9, karatasi ya mwajiri yenye mshahara na kodi yako ya mwaka mzima, unayojazia ritani, iliniuma kuliko pesa. Pesa zikichelewa utamkopa dada. Ritani ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato, ina mwisho wake, 30 Juni, na faini isiyopungua shilingi 2,000 inakuangukia wewe, si aliyekukalia karatasi. Yangu ililetwa kwa WhatsApp tarehe 24 Juni, picha imepinda, na mstari wa Novemba una sifuri. Nikafungua hati yangu ya mshahara wa Novemba: PAYE, kodi ya mshahara, imekatwa, tena yote.

Haya zikaniisha siku hiyo. Niliacha simu (simu mtu huikana) nikaandika barua pepe ya mistari mitano: nataka P9 iliyosahihishwa, hesabu ya malipo yangu, na siku zangu za likizo zilizobaki. Nikaambatisha hati ya Novemba na kutaja ofisi ya leba. P9 mpya ilifika kwa siku tatu, baada ya miezi sita ya "kesho kutwa".

Pesa zilikuja Julai, zikitanguliwa na karatasi ya kusema sina madai mengine. Nikaomba kuona hesabu kwanza. Siku zangu 14 za likizo zilikuwa zimekuwa 6.

"Ah, hapo tulipitiwa," akasema mhasibu.

Niliketi pale pale mapokezi, kalamu mfukoni, akarudi kuandika upya.